"Mwanangu hachezi bila simu": jibu kwa mama fundi cherehani wa Pasua

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Pasua, Moshi. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka minne na nusu, wa kike ana mwaka mmoja na miezi minane. Tangu huyu mdogo azaliwe, mkubwa nimekuwa nampa simu ili nipate kushona. Sasa nikiichukua anagaragara chini mpaka majirani wanatoka. Nimemnunulia magari na midoli, anacheza dakika mbili anaacha, anasema anaboreka. Baba yake ananiambia nimwache, katuni zinamfundisha Kiingereza, na ni kweli anahesabu hadi ishirini. Nje naogopa bodaboda. Tumepanga vyumba viwili na uwanja tunatumia familia nne. Nifanyeje? Nimefikiria hata kuiuza hiyo simu."

Marahaba, mama. Nianze na huko kugaragara, maana najua ndiko kunakokuvunja moyo mbele ya watu. Mwanao si mkorofi. Katuni za kwenye simu zimetengenezwa zisiwe na mwisho: moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, na picha inabadilika kila baada ya sekunde chache. Mtu mzima mwenye akili zake anashindwa kuiweka simu chini saa tano ya usiku. Mtoto wa miaka minne ndiyo kwanza anajenga uwezo wa kujizuia, sasa ukiivuta mkononi mwake katikati ya katuni, unategemea atumie nguvu ambayo bado hana.

Kwa hiyo usiichukue katikati. Zima ile sehemu inayoanzisha video nyingine yenyewe, au pakua katuni mbili tatu zikae ndani ya simu kisha uzime data. Kabla hajaanza mwambie: "Leo ni moja. Ikiisha unazima mwenyewe, unaniletea naweka kabatini." Kidole chake ndicho kizime. Siku chache za mwanzo atalia hata hivyo, nawe utakaa karibu naye, bila kumpiga na bila kumrudishia. Ukimrudishia siku ya tatu kwa kuwaonea haya majirani, atakuwa amejifunza kwamba kilio cha siku tatu kinalipa. Afadhali uwaambie majirani mapema kwamba wiki hii kuna kelele na sababu yake ni hii. Sidhani kama kuna nyumba katika uwanja wenu isiyolijua tatizo hilo.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikipungua ni bora zaidi. Mwenye mwaka mmoja, yaani huyo binti yako, haishauriwi kabisa. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji dakika 180 za kujongea kwa siku, angalau 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuhema, na usingizi wa saa 10 hadi 13 ukijumlisha wa mchana. Ukizipanga saa hizo kwenye siku ya mwanao utaona zenyewe zinavyoisukuma simu pembeni. Nami ningeongeza kwamba isiwepo wakati wa kula, isiwepo saa ya mwisho kabla ya kulala, na usiifanye zawadi. Mtoto anayeambiwa "maliza uji nikupe simu" anaelewa kuwa uji ni adhabu na simu ndiyo raha.

Sasa baba. Usimpinge kwa jeuri, maana ana hoja. Mtoto amehesabu hadi ishirini, na baba yeyote angefurahi. Lakini jioni moja mfanyeni jaribio dogo mkiwa wote wawili. Mwagia mkekani visoda kama kumi na tano, kisha mwambie, "Niletee saba." Watoto wengi wanaoimba namba vizuri hukusanya kiganja kizima wakakuletea, kwa sababu wimbo wa namba ni kitu kimoja na kujua wingi wa saba ni kitu kingine. Akileta saba kamili, mpongezeni, nami nitafurahi pamoja nanyi. Akileta kumi na moja, baba atakuwa amejionea mwenyewe, wala hutahitaji kubishana naye.

Na kuhusu lugha, kuna utafiti ninaoupenda sana. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, Marekani, walichukua watoto wachanga wa miezi tisa wanaosikia Kiingereza nyumbani. Wengine wakakaa mara 12 na watu wanaozungumza Kichina, wakichezeshwa na kusomewa vitabu. Wengine wakasikia Kichina hicho hicho, kutoka kwa watu wale wale, kwenye televisheni au kwenye sauti iliyorekodiwa. Waliokaa na watu walijifunza kuzitofautisha sauti za Kichina. Waliotazama televisheni hawakupata kitu. Ni kweli wale walikuwa wachanga, na mtoto wa miaka minne anaweza kuokota maneno kwenye kipindi kizuri, hasa akiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye juu ya anachokiona. Lakini kama baba anataka Kiingereza, basi yeye ndiye mwalimu. Akirudi jioni akae naye nusu saa, wajenge karakana, na kila kifaa akiite kwa Kiingereza. Na wewe usione haya kuongea naye Kiswahili au Kichaga chako. Mtoto anajengwa na lugha ambayo mzazi anaimudu hadi kwenye utani na hadithi zake.

Nifike kwenye mchezo wenyewe.

Mchezo wa kubuni ni kitu kimoja kusimama mahali pa kingine. Kisoda kinakuwa sahani. Matope yanakuwa mtori. Waliokulia Uru au Kibosho wanajua gamba la mgomba linavyokuwa basi la kuteremkia mlima, lenye dereva, konda, na abiria anayedai chenji yake. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alimtazama mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi, akaona kwamba hapo akili imeanza kuitenga maana na kitu chenyewe. Fimbo imebaki fimbo, ila mtoto anaongozwa na maana aliyoipa. Atakapoingia darasa la awali, mwalimu wa mwanao atachora ubaoni mstari wenye kitumbo na kumwambia hii ni "b". Mstari haufanani na sauti hata kidogo. Mtoto aliyekwisha kukigeuza kisoda kuwa sahani mara mia moja analipokea jambo hilo kwa wepesi, kwa sababu amelifanya maisha yake yote. Katuni inamletea sahani ambayo tayari ni sahani, gari ambalo tayari ni gari. Kazi yote ya kubuni imefanywa na wachoraji, na yeye amebaki kutazama.

Hata kule kujizuia ninakokusema kunajengwa hapo hapo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha watoto 180 wa miaka minne na sita. Walipewa kazi ya kuchosha ya dakika kumi kwenye kompyuta, na pembeni pakawekwa kishikwambi chenye mchezo, ruhusa wakacheze wakichoka. Watoto walioambiwa wajifanye ni shujaa kama Batman, na wajiulize "Batman anafanya kazi kwa bidii?", waliing'ang'ania kazi kuliko wenzao waliojifikiria kama wao wenyewe. Mtoto akiingia kwenye nafasi ya mtu mwingine hupata nguvu ambayo akiwa yeye mwenyewe hana. Ndiyo maana mtoto ambaye hatulii hata dakika moja ukimwambia "tulia", akiwa mlinzi wa geti katika mchezo atasimama wima mpaka umshangae.

Umesema umemnunulia magari na anayaacha. Gari la betri linalopiga king'ora lenyewe linajua jambo moja tu, na mtoto akishalijua jambo hilo wamemalizana. Punguza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwatazama watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wakiwa na vichezeo vinne, na siku nyingine vichezeo kumi na sita. Wakiwa na vinne walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na wakabuni njia nyingi zaidi za kukichezea. Fungia mengi kwenye mfuko, weka juu ya kabati, acha vitatu au vinne, kisha badilisha baada ya wiki.

Halafu angalia chini ya meza yako ya kazi. Wewe ni fundi: hapo kuna vipande vya vitenge, mikanda ya kiunoni iliyokatwa vibaya, vile vibomba vya plastiki vinavyobaki uzi ukiisha, chaki za fundi zilizovunjika, labda na futi ya zamani iliyofutika namba. Watoto wadogo hucheza kile wanachokiona watu wazima wakikifanya kwa moyo wote, na mwanao amekutazama ukishona tangu hajajua kutembea. Mfungulie ofisi. Tandika mkeka pembeni ya cherehani yako, mahali ambapo hapiti mtu, mpe boksi la viatu liwe cherehani yake, futi, chaki, vipande vya kitambaa na daftari la oda. Asubuhi kabla hujaanza kazi, kaa naye mkekani dakika kumi au kumi na tano, simu ikiwa chumbani. Hizo dakika kumi ndizo nguzo ya mambo yote ninayokuandikia. Mtoto aliyezoea kuletewa picha hakosi akili ya kucheza. Amepoteza mazoea ya kuanza, na kuanza anahitaji mtu. Mchezo ukishashika moto, inuka kimya kimya urudi kwenye kazi yako.

Ukiwa unakanyaga cherehani, mara moja moja mtupie neno kama mteja: "Fundi, gauni langu la ubarikio liko tayari? Jumapili imefika!" Utaona anavyobabaika, anavyotafuta visingizio, anavyokuahidi kesho. Anazijua lugha zako zote za kumtuliza mteja. Neno moja kama hilo linaweza kumpa mchezo wa robo saa na hujaacha kushona. Na kama kuna mtu atakayesema ushonaji si mchezo wa mvulana, mwambie apite mitaa yoyote ya mji huu ahesabu wanaume walioketi barazani na cherehani.

Ukiwa mkekani jizuie mambo mawili yanayoua mchezo. Usimtahini: "Hii rangi gani? Hivi viko vingapi?" Hapo ameacha kuwa fundi, amekuwa mwanafunzi. Na usimsahihishe. Akishona suruali yenye miguu mitatu, uliza mteja wake ni nani. Pengine atakujibu jambo ambalo hutalisahau.

Sijakuahidi kwamba itakuwa hivyo kila siku. Desemba, wakati watu wanarudi nyumbani Kilimanjaro na kila mmoja anataka nguo yake kabla ya Krismasi, utazidiwa na simu itatoka kabatini zaidi ya ulivyopanga. Itoe, shona, Januari mrudi kwenye utaratibu. Mwezi wa sita na wa saba nao una majaribu yake, baridi imeshika, mlima umejifunika, mtoto hataki kutoka. Hapo shuka moja juu ya viti viwili inatosha kuwa nyumba, pango, au kibanda cha mlinzi wa mgodi.

Atakaposema "naboreka", usikimbilie kumtafutia kitu. Mjibu kwa upole, "Pole, utapata tu cha kufanya," uendelee na kazi. Ule muda wa kuzungukazunguka, kuchungulia dirishani, kugusa hiki na kukiacha, ndiyo njia mchezo unayopita kuja. Kizazi chetu tulipewa muda huo bila mtu kuupanga, tukatokea na mipira ya majani makavu ya migomba na magari ya waya. Naumia ninapoona tunauziba kwa bando la shilingi elfu moja. Jioni umeme ukikatika, usiwashe simu yake iwe taa. Sema "Hadithi, hadithi!" naye aitikie "Hadithi njoo!", kisha hadithi ikifika mahali pa hatari simama umwambie aimalize yeye.

Uoga wako wa bodaboda ni wa haki, wala sitakwambia umwachie barabarani. Lakini uwanja wenu wa familia nne ni mali kubwa. Kaeni akina mama wanne mpange zamu: kila siku mama mmoja, saa kumi jioni hadi saa kumi na moja na nusu, anakaa na kazi yake ya mkono pale penye njia ya kutokea, mchele wa kuchagua au mboga, na watoto wote wako ndani ya macho yake. Wakubwa watawafundisha wadogo kombolela, rede, ukuti, kuruka kamba, na hakuna mwalimu wa michezo anayemfikia mtoto wa miaka minane. Kwa wewe hiyo ni jioni moja ya kulinda na jioni tatu za kushona bila mtu kukuvuta kanga. Mwenye nyumba akilalamikia mchanga kumwagwa, zungumzeni naye kwa heshima, mpeni kona moja ya kuchimbwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inauhesabu mchezo pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu katika mambo ambayo mtoto anastahili kupewa. Si lazima umtajie sheria mwenye nyumba, ila wewe ujue hujaomba anasa.

Kuhusu binti, mambo ya usalama niyaseme waziwazi. Sindano, pini, vifungo na visoda visimfikie. Katika umri huo kila kitu kinapitia mdomoni. Ofisi ya kaka iwe na vitambaa na maboksi tu wakati mdogo yuko macho, vitu vidogo vitoke akilala. Vichezeo vyenye zile betri bapa za duara kama sarafu, angalia kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Mtoto akiimeza betri hiyo inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache, na hospitali ni papo hapo, hakuna kusubiri. Beseni la maji ni mchezo mzuri mno kwa umri wake, kumimina, kujaza, kuelea na kuzama, lakini uwe umekaa hapo kwa macho yako, na ukinyanyuka mwaga. Maji ya kina kifupi sana yanatosha kumzamisha mtoto wa mwaka mmoja.

Kuna jambo jingine nililolipima nilipokuwa nasoma barua yako. Ukijaribu haya kwa mwezi mmoja au miwili na ukaona mwanao hajifanyi kitu chochote kabisa, hakutazami usoni, haitikii jina lake, hajali watoto wenzake, au maneno yake ni yale ya katuni tu anayoyarudia, mpeleke kliniki ya watoto, hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapo Moshi, ukaeleze kama ulivyonieleza mimi. Usiende ukijilaumu kwamba ni simu iliyosababisha. Wapo watoto wanaohitaji msaada wa ziada, na msaada unaowahi unazaa zaidi. Kwa ulivyoeleza sioni dalili hizo. Mtoto anayesema anaboreka anajua kabisa anachokikosa.

Simu usiiuze. Ni ya kazi yako, wateja wanakutumia mishono humo. Iwe na kabati lake, na hata wewe uizoeze kukaa humo katika zile dakika kumi za asubuhi, maana mtoto anajua macho yako yako wapi. Katuni ya Jumamosi tazameni pamoja, mkicheka na kuulizana.

Ila kabla ya Jumamosi hiyo, mpe baba yake kazi moja. Apite kwenye maduka ya friji na televisheni mjini, aombe boksi kubwa kabisa wanalotupa, alilete nyumbani hata kama ni juu ya bajaji. Walitoe zile pini za chuma kwenye kingo, walisimamishe katikati ya uwanja, kisha baba akae kwenye kigoda asubiri kuambiwa na mtoto ni nini.